Basi la Sibwesa Lenye Abiria Mmoja

Mjukuu wangu Kabula,

Huku Sibwesa tumeamka salama. Babu yako bado anakohoa, lakini shambani anaenda, na mahindi yamebeba vizuri.

Umeniuliza kama ni haki Dar es Salaam nzima kuchangia mabasi mapya ya umma yafike hadi pembezoni, wakati ofisini kwenu wanasema huko mchana yatatembea na watu wawili watatu.

Nilipokuwa msichana, mwenye basi la kwenda Mpanda aliacha kuja kwetu kwa sababu abiria walikuwa wachache. Masika ya mwaka ule dada yangu Limi alishikwa na uchungu. Tulimpakia kwenye baiskeli. Hatukufika naye hospitali.

Baada ya msiba, baba aliwaita majirani. Wakakubaliana kila nyumba itoe mahindi ya kumlipa mwenye basi, ili lije kila Jumatano, lijae lisijae.

Jumatano ya kwanza alipanda mama mmoja tu, mjamzito, mgeni ambaye hatukumfahamu vizuri. Jirani yetu mzee Masanja akanung'unika, "Tumetoa mahindi yetu kwa ajili ya basi tupu."

Baba akamjibu taratibu, "Siyo tupu. Yumo mtu."

Wiki iliyofuata yule mama alirudi na mtoto mchanga. Mzee Masanja ndiye aliyeushusha mzigo wake, akaubeba begani hadi nyumbani kwa mama huyo.

Hesabu za huko mnazijua nyie, mama. Mimi nimekueleza nilichokiona.

Bibi yako,
Nyamizi