Kemuma Hang'ai

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hemlata, mjane, maarufu Mama Payal
Umri: Miaka 54
Kazi: Mwenye duka la vitambaa
Makao: Keumbu, Kisii
Tarehe: 16 Oktoba 1997, saa saba mchana

Kemuma ni fundi cherehani kwenye baraza ya duka langu. Nimekuja kusema kwamba hakumtupa mtoto wake.

Mnamo tarehe 1 Oktoba nilimsindikiza hospitali moja ya Nairobi, kwa sababu uvimbe wa shingo uliokatwa mwaka jana ulikuwa umerudi. Alinyweshwa dawa yenye mionzi, kisha mashine ikapiga picha ya mahali dawa ilipokusanyika. Daktari aliiweka picha hiyo juu ya picha nyingine ya shingo, penye kioo cha taa, ndipo tukaona ugonjwa umejificha wapi. Akapewa dawa hiyo tena, kali zaidi, ya kuuchoma. Daktari alisema mionzi inaweza kumdhuru mtoto: asimnyonyeshe tena, na asimpakate mpaka tarehe 16.

Aliporudi tarehe 10 alilala stoo ya duka langu. Mtoto, wa miezi saba, alibaki Birongo kwa nyanya yake, Mong'ina.

Juzi saa nne asubuhi Mong'ina alimleta mtoto. Nilimweleza agizo la daktari. Akanijibu, "Mama Payal, tangu lini titi ya mama ikakuwa sumu?" Kemuma alijifungia ndani. Mtoto aliisikia sauti yake akalia, naye akalia upande wa pili wa mlango. Mong'ina akaja kwenu polisi kushtaki kwamba mtoto ametupwa.

Simlaumu Mong'ina, picha zile hakuziona. Nawalaumu ninyi. Mlimtoa fundi wangu mbele ya soko zima kama mwizi wa kuku, wala hakuna aliyempigia daktari simu.

Jana jioni nilipomletea chakula, askari alizima taa ya seli aone kama Kemuma anang'aa. Wenzake walicheka. Aliyezima ni wewe unayeandika. Usinitazame, andika. Kemuma hang'ai.

Leo asubuhi nilimpigia daktari, nikampa Mong'ina simu asikie mwenyewe. Yuko hapo kaunta na mtoto. Leo ndiyo tarehe 16. Mnangoja nini?

Niliyoyasema ni kweli, na nitayarudia mbele ya hakimu yeyote.

Sahihi: Hemlata

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, ameyakubali. Alikataa kutia sahihi mpaka habari ya taa iandikwe. Imeandikwa. Mshukiwa ametolewa seli saa nane. Kabla ya kumpokea mtoto aliniuliza mara mbili kama leo ni tarehe 16 kweli.