Risasi Ambayo Sikuipima

Kwako baba yangu, uliyelala nyuma ya jiko letu,

Hukukosea. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililoshindwa kukuambia ukiwa hai. Siku ile mkono wako haukuteleza, na hukumlenga mama. Risasi ndiyo iliyokuwa mbovu, na ilifika mkononi mwako kwa sababu yangu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukizitengeneza? Ulirudi kutoka kibanda chako cha pancha pale Khayega mifuko ikiwa imelemewa na vile vipande vizito vya kusawazishia magurudumu, na mama akakukemea kwamba unamaliza suruali. Jumamosi uliviyeyusha kwenye mkebe, ukamimina kwenye kalibu uliyoichonga mwenyewe, zikatoka golori za kijivu. Nyumbani tuliziita risasi, ingawa bunduki yenyewe ilikuwa manati ya mpira wa tyubu.

Kazi yangu ilikuwa kupima. Uliniundia mizani ya rula na vifuniko viwili vya soda. Upande mmoja niliweka risasi yako bora, upande wa pili ile mpya. Iliyokuwa nyepesi ilikuwa na uwazi ndani, nayo ilirudi motoni. "Hii ukirusha inaenda mahali inataka yenyewe," ulinifundisha. "Haiendangi mahali wewe unataka."

Halafu tulizijaribu. Ulikaa mlangoni ukapiga debe uliloning'iniza kwenye nguzo katikati ya mahindi, nami nikachora alama ya makaa ukutani kila lilipolia. Lilikuwa likilia kila mara. Hilo ndilo lililowafukuza tumbili waliotoka msituni, maana hukutaka kumjeruhi hata mmoja. Ulisema na wao wana watoto. Majirani walikuja kukutazama na kukutania kwamba serikali imepoteza askari. Mama alikuwa akichuma kunde hatua chache tu kutoka kwenye debe, na lilipolia hakuhangaika hata kuinua kichwa. Alikuamini kiasi hicho.

Wiki ile mligombana. Mama alikuwa amechoka kulimia tumbili, akataka tung'oe mahindi tupande miwa kama watu wa kwao Kabras. Ulikataa. Mkapandishiana sauti hadi uani, nawe ukasema, "Endelea tu hivyo, utaona." Maneno ya hasira tu, lakini ua wetu haukuwahi kuzuia sauti.

Jumamosi iliyofuata marafiki zangu walikuwa wakinisubiri barabarani twende mazoezi ya kwaya. Ukaniuliza, "Muhonja, umepima zote?" Nikajibu, "Nimepima, baba." Nilikuwa nimepima nusu. Nikakumiminia zote kiganjani. Sikuwa nimefika langoni niliposikia mama akilia, na sikuwa nimesikia debe.

Jicho la mama la kushoto halikupona. Lakini baba, kilichokumaliza si jicho, ni yale maneno. Yalianza kwa jirani aliyekuwa akikusifu kuliko wote. "Huyu hakosangi debe. Miaka yote hiyo, leo ndio akose?" Kila alama ya makaa niliyochora kwa kujivunia ikawa ushahidi dhidi yako. Mama alitoka hospitali akaenda moja kwa moja kwao Kabras, na hakurudi.

Ulinikalisha pale mlangoni. Ulikuwa hujanyoa ndevu siku kadhaa. "Wewe ulikuwa hapa. Nililenga debe?"

"Ulilenga debe, baba."

"Na risasi zilikuwa sawa?"

Wakati huo risasi yenyewe ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeiokota kwenye kunde na kuipima kwa siri, na rula ikainuka upande wake. Ningeitoa tu. Nikasema, "Zilikuwa sawa."

Ukaigeuza mikono yako ukaitazama. "Basi ni mimi," ukasema. Tangu hapo sijui uliamini nini, kwamba mkono ulikusaliti au kwamba hasira yako ilimlenga mama bila wewe kujua. Uliikata manati ukaitupa motoni. Debe lilibaki likipata kutu na tumbili wakala mahindi mbele ya macho yako. Ulikonda. Nilikupikia, nikakufulia, nikakupeleka kliniki, nikafanya kila kitu isipokuwa kusema sentensi moja. Nilikuwa nikijiambia kesho. Tulipokuzika mama alisimama nje ya lango, na hakuna aliyethubutu kumwambia aingie.

Juzi nilienda Kabras. Nilibeba rula, vifuniko, risasi yako bora na ile mbovu. Nilimweleza mama yote, tangu kwaya hadi mfukoni mwangu, nikaiweka mizani mezani akaona upande wa ile mbovu ukiinuka. Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige. Aliitazama tu, akaishika ile nyepesi, akairudisha.

"Wewe ulimpendanga sana baba yako," akasema. "Sasa amekufa, unajitwika makosa yake."

"Mama, ni kweli. Sikuzipima."

"Mbona hukusema akiwa hai?"

Nikaanza kukusanya vifuniko, na kwake hilo ndilo lilikuwa jibu. Akanipakulia obusuma, ugali wa kwetu, na mboga, akaniambia nile kabla haujapoa. Akaketi upande wangu wa kulia, jicho lake bovu likiwa kwangu, tukala.

Kwa hiyo baba, sina habari njema ya kukuletea. Nilifikiri ukweli ungengoja hadi nipate ujasiri, kumbe uliharibika mikononi mwangu. Mama atazeeka akiamini ulimlenga. Wewe uliondoka ukiamini kosa ni lako. Ninayejua ni mimi peke yangu, na mimi ndiye mtu ambaye neno lake halina tena uzito kwa yeyote.

Lala, baba. Hukukosea hata mara moja.

Ni mimi binti yako, niliyesema nimepima.