Yuda kwenye Ubao wa Maskani

Jumatatu, 8 Septemba

Sare nane za shule. Sindano imevunjika mara mbili. Nimefunga duka mapema, nikaenda maskani, kwenye baraza letu la kahawa. Suleiman, mwandishi wa ubao wetu wa habari, yuko Matemwe kwa mama yake, basi chaki nikaishika mimi. Kampeni zimeanza, watu wanataka kucheka. Nikawapanga wakubwa wetu kama wanafunzi wa Yesu. Mwakilishi ni Petro, mwepesi wa kuapa. Katibu wake ni Tomaso: haamini kuwa bomba limekauka mpaka atie kidole. Wale ndugu wawili wanaotaka vyeo ni wana wa Zebedayo, maana mama yao kazunguka kila ofisi akiwaombea viti, mmoja kulia, mmoja kushoto. Sheha wa mtaa ni Yuda, kwa sababu anajua kila mtu analala wapi.

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nilijiona mjanja sana.

Jumanne, 9 Septemba

Ubao umefutwa. Suleiman amerudi asubuhi, na kabla hajavua viatu ameitwa kwa sheha. Miaka yote ubao ni wake, kwa hiyo maneno ni yake. Sikusema kitu. Nilikuwa na kazi nyingi.

Uongo. Nilikuwa na vifungo vitatu tu vya kushona.

Alhamisi, 11 Septemba

Ilham, binti yake Suleiman, anaomba nafasi chuo cha uuguzi. Anatakiwa barua ya sheha ya kuthibitisha kuwa ni mkaazi. Bila hiyo fomu haipokelewi. Mwisho kesho, saa tisa. Amekwenda kwa sheha mara mbili. Anaambiwa muhuri haupo. Muhuri upo, jana Bi Asha wa mandazi alipigiwa barua yake.

Nimezaliwa hapa. Ni babu yangu aliyetoka bara na Biblia yake. Lakini kila nikivaa viatu niende kusema, nasikia mtu akiniambia nirudi kwetu. Hofu hiyo ni ya kweli. Na mimi najificha nyuma yake huku mtoto wa mwenzangu anaumia. Najichukia.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimekwenda saa nane na nusu, sheha aliporudi kutoka sala ya Ijumaa. Shikamoo. Marahaba. Nikasema ubao niliuandika mimi.

Sheha hakushtuka hata kidogo. "Nnajua. Nlimuuliza Suleiman huyo Zebedayo nani, akanambia fundi baiskeli wa Mpendae. Lakini kashikilia kuwa kaandika yeye."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa muhuri, akapiga. Alikuwa akinisubiri mimi, na barua ya Ilham ndiyo aliyoishikilia mpaka nije. Nilitaka kumtukana. Kwa kinywa gani?

Nimekimbia na barua mpaka kwao. Ilham amepanda bodaboda. Amekuta saa tisa imepita, dirisha la fomu limefungwa.

Jumamosi, 13 Septemba

Mvua kidogo asubuhi. Suleiman amekuja dukani na suruali ya kupunguza. Nikapiga goti kumpima. Nikamwomba radhi hapo hapo chini, pini mdomoni, maneno hayaeleweki. Ilham ataomba tena mwakani, akasema, kwa sasa atamsaidia mama yake nyumbani.

Kisha akauliza, taratibu, bila ya hasira: "Jumanne nilipoitwa, wewe ulikuwa na nini?"

Nilizitoa pini zote mdomoni. Nikazichoma moja moja kwenye upindo. Suruali nimeipunguza inchi mbili, ataichukua Jumatatu.