Sekunde Sita za Mama Yake Bibi Rivka

Brooklyn Center,
Minnesota.
30 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Bernadetha,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Faridah akuletee ilikufikia? Sisi huku ni wazima wa mwili. Baridi imeanza kubisha hodi, na watoto wanakusalimu, kwa Kiingereza, usiniulize.

Shangazi, nimeharibu jambo, na sina mwingine wa kumwambia.

Yule bibi ninayemhudumia Saint Paul, Bibi Rivka, ni Myahudi wa Poland. Mama yake aliuawa vitani, yeye akiwa na miaka minne, na hakubaki na picha yake hata moja. Alichonacho ni sinema ya zamani iliyopigwa mjini kwao kabla hajazaliwa. Ndani yake kuna harusi, na watu wa mji waliitwa wajaze uwanja. Mama yake anapita na sinia la mikate, anageuka, anacheka. Sekunde sita.

Sinema nyingine za Ulaya huniambia niziweke, halafu anazigombeza. Anasema watu wake humo kazi yao ni kupandishwa garimoshi kwenda kuuawa tu, utadhani hawakuwahi kubishania bei ya samaki. Hiyo moja ndiyo anaikubali. Macho yake yameisha, kwa hiyo kila Ijumaa mchana, kabla Sabato haijaingia, tunaiweka na mimi namsimulia: sasa anakuja, sasa anacheka.

Kaseti ya sinema hiyo ilikuwa imechakaa. Nikajifanya mwerevu, nikaichukua bila kumwambia, nikampelekea Eugene wa Frogtown, anayepiga video za harusi zetu zote huku, ainakili. Nilitaka kumfurahisha Bibi. Mashine ikautafuna utepe vipande vipande, palepale penye harusi. Simlaumu Eugene. Nimeandikia hifadhi nne za filamu huko Ulaya kutafuta nakala nyingine. Mbili zimejibu, hawana.

Ijumaa nikafanya baya zaidi. Niliweka harusi ya sinema nyingine nikasimulia vilevile. Akalia, akasema sijawahi kusimulia vizuri namna ile. Nilikwenda chooni nikajiziba mdomo kwa taulo.

Kesho jioni Wayahudi wanaanza mfungo wao mkubwa. Kabla ya mfungo huo kila mtu huwaendea aliowakosea akawaomba msamaha. Jana akaniita, akajishikilia kwenye kiti akasimama, mtu wa miaka themanini na saba, akaniomba radhi kwa kunifokea siku ile nilipomwaga supu. Unajua tulivyolelewa. Mtu mzima hawezi kujishusha mbele yako hivyo ukamtazama tu. Nikamkalisha harakaharaka, nikasema hakuna ubaya, yamekwisha.

Akanishika mkono. "Na wewe, kuna lolote nikusamehe?"

Nikasema hakuna.

Najua ungeniambia nini, hata sauti yako naisikia, ila barua hii itakufika mambo yamekwisha. Kesho kabla jua halijazama nitampelekea ule utepe uliokatika, nimwekee mkononi, aguse mwenyewe. Akinifukuza ana haki. Sicho ninachokiogopa. Naogopa atanisamehe, kisha Ijumaa aniombe nimsimulie bila kaseti, na Shangazi, ule uso wa mama yake umeshaanza kunitoka.

Nisalimie Baba Mdogo Kassian na Peter, na wote wa hapo nyumbani. Mungu akulindie hilo goti na akuzidishie siku. Uniombee, hata kama utakuwa umechelewa.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,
Valentina