Shemeji na mkata kimeo

Asnath, tuko hospitali. Abuu kawekewa oksijeni, anapumua.

Asubuhi nilikuwa kwa dada Mwanaidi, Miyuji, nasaga kidonge cha moyo cha Abuu kwenye kijiko kama kila siku. Mlango ukapigwa teke. Shemeji Mudrick, na nyuma yake mzee mkata kimeo. Kukata kile kinyama cha kooni! Kwa mtoto wa miezi minane ambaye msuli wa moyo wake umetanuka!

Akakipiga kijiko, dawa ikamwagika. "Anakohoa, anahema, hicho ni kimeo! Mshikeni!"

Dada akamkumbatia mwanawe. Shemeji akamvuta nywele mpaka chini. Nywele, Asnath! Mke wake! Abuu akalia mpaka midomo ikawa ya bluu.

Mimi unanijua, hata kuku siwezi kumfukuza. Yule mzee alipomwinamia Abuu na wembe, nikaudaka kwa kiganja. Damu mpaka kwenye kiwiko. Mzee akakimbia, kandambili kaziacha.

Nikapiga kelele: "Shemeji, daktari alikuonyesha ule moyo kwenye kioo cha mashine! Kuna watoto wanapona kwa dawa, kuna wasiopona. Huyu ukimkata, hafiki jioni!"

Akaninyanyulia ngumi. Nikafumba macho, nikasubiri. Haikushuka. Nilipofumbua alikuwa amekaa sakafuni kwenye dawa iliyomwagika, analia kwa sauti.

"Nataka kiwe kimeo, shemeji. Kimeo kinakatwa, kinaisha. Huo moyo nitaukata wapi?"