Orutu Pale Palipokuwa na Sauti Yangu

Rongo, Jumapili

Dada Lorine,

Mvua imenyesha na mahindi ya Mama yamesimama vizuri. Albamu yetu mpya imetoka. Watu wanasema bendi yetu ya panki imekomaa: siku hizi tuna nyimbo za polepole, na Mzee Javan anapiga orutu, ile fidla ya uzi mmoja, pale nilipokuwa nikipiga kelele. Hawajui ni koo langu. Daktari anasema uvimbe umeshaenea, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Mama bado sijamwambia.

Javan hupiga orutu kwenye matanga. Jana aliniuliza majina ya babu zangu, yale anayoulizaga wafiwa ili amsifu marehemu. Nilimwandikia yote. Sikuuliza ni ya wimbo gani.

Ni mimi kaka yako,
Bravin