Simu Juu ya Kaburi la Baba

Kwako kaka yangu Pesamino,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani, kisiwani Savaii. Natumaini baridi ya Auckland haijakumaliza, na mkeo na watoto hawajambo. Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake mzima kabisa.

Nakuandikia kwa kalamu na kumpa barua shangazi Masina, anayepanda ndege Alhamisi, maana simu ya hapa ni ya nyumba nzima na kila mtu husoma kila kitu. Najua Baba Mdogo Tuiloma amekwisha kukupigia na kukuambia nimemkosea marehemu adabu. Basi sikia na kwangu: ni kweli, simu iko juu ya kaburi la Baba, na haitoki.

Uwanja wetu unaujua. Ule mlima wa nyuma umeziba kila kitu. Ndani ya nyumba mtandao haushiki hata ukipanda juu ya meza. Pale mbele ya nyumba, juu ya vigae vya kaburi, unashika vizuri mno. Kwa hiyo simu inashinda pale ndani ya bakuli la plastiki, waya wa chaji umetokea dirishani, hotspoti imewashwa, na sote tunavuta kutoka hapo. Binti yangu Lagi anasomea unesi kwa njia hiyo hiyo. Mtihani wake wa mwisho ni wiki ijayo, na akikosa mtandao siku hiyo, mwaka mzima umekwenda na maji.

Jumapili iliyopita Baba Mdogo alisimama mbele ya ukoo akaniuliza kama sina haya, kaka yake nimemgeuza mnara wa simu! Akasema nisipoiondoa, baraza la kijiji litanitoza nguruwe. Loo! Mtu huyo huyo anayekuja kutazama kwa simu hiyo kila timu yetu ikicheza raga, akaegemea kaburi hilo hilo na kupiga kelele mpaka kuku wanakimbia! Nikamwambia nguruwe nitatoa, tena yule mnono, lakini simu siitoi. Watu wakaguna. Mama aliinamia mkeka wake akisuka.

Sasa nikuambie nililolificha siku ile. Simu sikuiweka mimi. Aliiweka Mama. Mwaka ule wa maziko, mipaka ilipofungwa ukashindwa kuja, alikuwa akizunguka uwanjani na simu mkononi akitafuta pa kukusikia, na sauti yako ikanyooka alipofika pale. Akakaa chini, akaiweka juu ya vigae, akasema iachwe hapo hapo, kwa sababu Baba alikata roho akiuliza kama Pesamino amepiga. Sikutaka wamuaibishe mbele ya ukoo, nikajitwisha lawama mimi. Wakitaka mtu wa kumtoza, nipo.

Baba Mdogo usimjibu kwa hasira, ni mzee wetu. Wewe piga tu Jumapili, tukishamaliza kula. Na ikiita usikate upesi. Tutachelewa makusudi kuipokea, aisikie na Baba.

Wabusu watoto wote kwa niaba yetu.

Ni mimi dada yako asiyetishika,
Fetuao